Mama anayepika nyuma ndiye anaona wingu kwanza



Mwezi wa 10 umefika, mto umejaa mpaka kwenye mizizi ya miti, na kila mchana kuna wingu. Huu ndio wakati wengi wetu tunaondoka Kisangani kushuka na mahindi, mchele, mafuta ya mawese na viwavi vikavu, ili tufike Mbandaka ao Kinshasa mbele ya sikukuu. Wamama wapya wanatuuliza wabebe nini. Wanauliza juu ya sabuni, chandarua, dawa ya malaria. Ni maswali mazuri, na tumekwisha kuyajibu katika ukurasa huu. Juma hili tunataka kusema juu ya jambo ambalo hakuna anayeliuliza: mbingu ikigeuka nyeusi katikati ya mto, nani anaamua kusimama?

Asiyejua mto anafikiri safari ni kupanda na kushuka tu. Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1700, na mpaka Mbandaka peke yake ni karibu 1000. Katika balenyeri, ile mashua yetu kubwa ya mbao, mtu hasafiri tu, anakaa. Unalala juu ya magunia yako mwenyewe, na mahali pa magunia yako ndipo kartie yako. Jirani yako ni yule ambaye mawese yake yanagusa mahindi yako. Mnapika pamoja, mnanyonyesha pamoja, mnagombana juu ya bashi inayovuja. Asubuhi wavuvi wanakuja na mitumbwi yao, wanajifunga kando yetu, tunabadilishana chumvi na samaki ya moshi. Watoto wanajifunza kutembea juu ya mizigo mbele ya kujua kutembea chini. Juma moja ukiwa na bahati, mawili ukikosa, na motere ikifa hakuna anayejua.

Sasa sikilizeni namna dhoruba inavyokuja, maana hapo ndipo kazi ya mama inaonekana. Katika miezi hii upepo mkali kwetu mara nyingi unatoka mashariki unaelekea magharibi. Mto nao, kutoka Kisangani mpaka Bumba, unaelekea upande huohuo. Kwa hiyo ukiwa unashuka, dhoruba inakufuata kwa mgongo. Kapiteni anatazama mbele, anatafuta mkondo. Vijana wawili mbele kabisa wanapima kina cha maji kwa fito zao na kupiga kelele. Motere inanguruma, hata radi huisikii. Ni nani anatazama nyuma? Ni mama aliyekaa na mbabula yake, anageuza bugali. Anaona mbingu imekuwa rangi ya makala, anaona miti ya mbali imefutika, anasikia baridi shingoni. Kwanza unakuja upepo, mvua inafuata nyuma. Kati ya baridi ile na upepo kuna dakika chache tu, na mashua nzito inahitaji dakika nyingi kufika ukingoni. Ndiyo sababu tunasema yule mama aseme mara moja, hata akiogopa kuchekwa, hata wingu likipita bila kutupiga. Tumechekwa mara nyingi kwa mawingu yaliyopita. Hakuna aliyekufa kwa kuchekwa.

Tunaandika haya kwa sababu mwaka jana sisi wenyewe tulifanya kinyume.

Tulikuwa tumepita Basoko, mahali Aruwimi inapoingia na mto unaanza kupanuka kwa kweli, visiwa huku na kule, hujui tena ukingo uko wapi. Motere ilikuwa imekwisha kutupotezea siku mbili. Saa 9 ya mchana kapiteni akatazama nyuma, akasema tuingie nyuma ya kisiwa, tufunge kamba, tulale pale. Jua lilikuwa bado linawaka juu yetu. Sisi wamama ndio tulipiga kelele. Tulimwambia anatafuta kupumzika kwa makuta yetu. Tulimwambia viwavi vitaota ukungu. Mmoja wetu, na ni katika hao wanaoandika ukurasa huu, alimwambia kama ni mwoga amwachie mwingine usukani. Alitutazama, akanyamaza, akaendelea.

Haikupita nusu saa. Upepo uliingia chini ya bashi, ukaiinua kama tanga, na mashua ikalala upande mmoja. Wote waliokuwa kule chini wakakimbia kupanda upande wa juu, mashua ikarudi kwa nguvu na kulala upande wa pili, maji yakaingia. Vijana walikata kamba za bashi kwa panga, ikaruka ikaenda, na hiyo ndiyo ilituokoa. Halafu wakaanza kutupa magunia. Hawakuuliza ni ya nani. Walitupa yaliyokuwa juu, karibu na mkono: magunia 14 ya mahindi ya mama mmoja wa kikundi chetu, yote aliyokuwa nayo.

Katika fujo ile mtoto wa miaka 4 alianguka majini. Hakuna aliyemwona akianguka. Wavuvi wawili walimkuta baadaye, mvua ikiwa bado inapiga, amekwama kwenye magugu ya maji, analia kwa sauti kubwa. Bibi yake, kule Kisangani, alikuwa amemfunga bido mbili tupu za litre 5 kifuani, na kamba nyingine kupita katikati ya miguu zisichomoke. Tulimcheka bibi yule bandarini. Tulisema amemvika mjukuu kama mfanyabiashara wa mawese.

Usiku, tukiwa tumefungwa mahali palepale kapiteni alipotaka tufungwe, mtu mmoja alianza kumlaumu. Akajibu neno moja: «Wamama, ninyi ndio mlisema twende.» Hakuna aliyemjibu, na mpaka leo hatuna jibu.

Tulirudi nyumbani tukakaa kuzungumza, vikao vitatu. Kikao cha kwanza kilikuwa cha kulia na kutupiana makosa. Cha pili, mama mmoja mzee akauliza: «Siku ile mlikuwa na haraka ya nini?» Tukaanza kuhesabu. Chakula kilikuwa kimebaki cha siku moja, kwa sababu tulibeba cha siku 7 na tulikuwa siku ya 6. Makala yalikuwa yamelowa. Na watatu kati yetu walikuwa na zamu ya kulipa likelemba tarehe 15, na tarehe 15 ilikuwa keshokutwa. Kumbe ule mdomo tuliomfungulia kapiteni haukuwa wa ushujaa, ulikuwa wa njaa na deni. Tulitoka nyumbani tukiwa tumekwisha kumnyima ruhusa ya kusimama, mbele hata ya kupakia.

Basi hiki ndicho tulichobadilisha.

Chakula. Safari ya siku 7 tunabeba cha siku 12. Zile siku 5 tunaziita siku za kusimama, na hakuna anayezigusa kama mashua inatembea. Ndani yake tunaweka vitu visivyohitaji moto: kwanga iliyofungwa vizuri kwa majani, karanga za kukaanga, unga wa mahindi yaliyokaangwa wa kukoroga kwa maji ya kunywa, ndizi mbivu za siku za kwanza. Ni gharama, tunajua. Mama mwenye watoto watatu anatazama mfuko ule na kufikiri ni faida yake imekaa pale bure. Lakini mfuko ule ndio unamruhusu kumwambia kapiteni: simama, baba, hatuna neno.

Moto ni habari ya peke yake. Upepo ukianza, mbabula inazimwa, hata kama bugali ni mbichi. Mnakumbuka mwezi wa 4 mwaka 2025, mashua ya mbao iliyotoka Mbandaka kuelekea Bolomba ilishika moto, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, na habari zilisema moto ulianzia mahali mwanamke alipokuwa anapika. Hatusemi hivyo kumhukumu marehemu dada yetu. Alikuwa anawalisha watu. Tunasema kwamba mara nyingi jiko letu linawekwa nyuma, karibu na motere na mapipa ya mazutu, kwa sababu hakuna aliyefikiria mahali pa jiko wakati wa kupakia. Fikirieni ninyi. Mlango wa kwanza wa kuuliza mkipanda ni huu: jiko liko wapi, esansi iko wapi, kuna hatua ngapi katikati? Weka mbabula ndani ya sanduku lenye mchanga, na ndoo ya maji kando. Mchanga wa mto ni wa bure.

Makala yawekwe katika ndoo yenye kifuniko, siyo gunia. Labda mtaona ni jambo dogo. Makala yakilowa, maji hayachemki; maji yasipochemka, watoto wanakunywa mto, na choo chetu sote kiko nyuma ya mashua hiyohiyo. Mwaka 2011 kolera ilishuka na mto huu kutoka Kisangani mpaka Mbandaka mpaka Kinshasa, ikifuata njia yetu ya biashara, bandari kwa bandari. Mashua ikisimama siku mbili mahali pamoja, maji ya kando yake ndiyo mabaya zaidi. Chota upande wa mbele, mkondo unakotoka, kisha chemsha.

Juu ya watoto, bibi yule wa bido sasa ni mwalimu wetu. Bido tupu iliyofungwa vizuri inainua kilo karibu sawa na litre zake: mbili za litre 5 zinatosha kushika kichwa cha mtoto juu ya maji. Jile ya kuokolea ni bora, kama ni ya kipimo chake. Ya mtu mkubwa inachomoka kichwani, mtoto anabaki bila kitu. Tena tunawaomba wamama wanaofunga watoto wao kwa kamba kwenye magunia ili wasianguke wakati wa kulala: wingu likionekana, mfungue. Mashua ikipinduka, kamba ile inamvuta chini pamoja na mzigo. Na mtoto wa mgongoni, mlete kifuani mbele ya upepo kufika. Ukiwa majini umeshika ubao, mgongo ndio unaozama, na yeye yuko pale.

Wakati wa dhoruba yenyewe maneno ni machache. Bashi ishushwe kwanza, heri kulowa. Wote wakae chini, katikati, hata mashua ikiinama. Wale wanaokimbia upande mwingine ndio wanaoipindua. Kama kuna radi, hakuna kusimama juu ya mizigo, hakuna kushika nguzo ya chuma, maana katikati ya mto sisi ndio kitu kirefu kuliko vyote. Na kapiteni akitafuta mahali pa kufunga, msimharakishe aingie popote. Maji yakijaa namna hii, ukingo umekulwa chini, mti mkubwa unaanguka pamoja na udongo wake. Nyuma ya kisiwa, penye majani mafupi, upande usio na upepo, ndipo pazuri. Mbu watatumaliza, lakini tuna vyandarua.

Usiku hatutembei. Serikali imekataza mara nyingi mashua hizi kusafiri usiku, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunachanga matabishi ili sheria ilale. Tuseme ukweli katika karatasi yetu.

Kuhusu kupakia zaidi ya nguvu ya chombo, hatutaki kurudia yale yale. Tunawakumbusha tu dada zetu wa Kivu: tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 chombo kilichotoka Minova kilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu waliokuwa nchi kavu wakitazama kwa macho yao. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi. Kama ubao wa mashua umebaki kiganja kimoja tu juu ya maji na bado tuko bandarini, mto utafanya nini mawimbi yakija? Mama mmoja wetu mwezi uliopita alishusha mizigo yake akaacha mashua iende. Alipoteza makuta ya wabebaji mara mbili, na mume wake alinuna juma zima. Mashua ile ilifika salama. Hata hivyo tunamsifu, na tunamwomba mume wake asome mpaka hapa.

Mbele ya kamba kufunguliwa, mkubwa wa kikundi chetu katika safari ile anakwenda kwa kapiteni, mbele ya watu wote, na kumwambia maneno haya ao yanayofanana nayo: «Baba kapiteni, ukitaka kusimama, simama. Wamama hawa hawatakupinga. Tuna chakula.» Wengine wanaona ni aibu ya bure. Sisi tumeona uso wa kapiteni mmoja aliposikia hivyo. Alitwambia katika miaka yake yote mtoni wasafiri walimwomba bei, nafasi na haraka, basi.

Likelemba ndiyo ilitugombanisha zaidi. Tulipendekeza kwamba mwanachama aliye juu ya maji tarehe ya kulipa ikifika asihesabiwe deni mpaka juma moja baada ya kufika. Wamama wa soko walikataa. Walisema nao wana watoto, zamu yao ikichelewa kwa sababu ya mto ada ya shule haingoji. Wana haki. Mwishoni tulipatana hivi: kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 12, anayeshuka mto analipa nusu mbele ya kuondoka na nusu akirudi, na zamu ya kupokea katika miezi hiyo inapewa wanaobaki. Hakuna aliyefurahi kabisa. Ila hakuna tena mwenye tarehe 15 kichwani akiwa katikati ya visiwa.

Amebaki mama wa magunia 14. Kikao cha tatu chote kilikuwa chake. Wengine walisema maji ndiyo yalichukua, na maji hayana mdaiwa. Wengine walisema magunia yake ndiyo yaliyonunua uzima wa wote waliokuwa mle, kwa hiyo sote tunalipa. Tulichanga. Tulifikisha magunia 5. Tulimpelekea nyumbani, tukaimba kidogo mlangoni. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akayahesabu moja moja, akasema asante. Halafu akauliza: «Na 9?»

Mwaka mzima ameuza makala kando ya barabara. Gunia la 6 alipata mwezi wa 3, la 7 mwezi wa 8. Mawili haya hayatoshi, na tunaandika hesabu hapa wazi ili kila mmoja aione: bado 7.

Jumatano tunashuka tena. Ameandikisha jina lake. Amekuja na mzigo mdogo, mahindi magunia 4 na mawese bido 2, na ameomba jambo moja tu, nafasi yake iwe nyuma, karibu na mbabula. Tumempa. Wanaoshuka walete mifuko yao ya siku 12 Jumatatu jioni tuitazame pamoja, na ambaye wake haujatimia aseme Jumapili, siyo bandarini.